Kwanza Jina Lake Mwenyewe

Mwanangu Butoyi,

Salamu sikupi. Tumeshasalimiana leo mchana, ukala ugali wako umenuna, ukasema, "Siendi bila Bukuru," kisha ukapanda pikipiki kwenda Murungu kumuaga bibi yako. Unamuagaje mtu na huku unasema huendi? Nikakuacha uende. Sasa nimefuta meza, nimekaa hapa karibu na mashine ya kutotolesha, na nataka kumaliza kukuandikia kabla jua halijazama. Ukirudi hutanipa nafasi. Wewe na mdomo wako nawajua.

Nimefurahi, Butoyi. Acha niliseme hilo kwanza kabla sijaanza kukugombeza. Nimefurahi mpaka nimeunguza maharage mara mbili wiki hii, na kaka yako ameyala bila kusema kitu kwa sababu naye anajua ni furaha ndiyo imeyaunguza. Siku ile ulipotoka chumbani unapiga kelele "Wamekubali! Mama, wamekubali!" nilidhani umeumwa na nge. Nikaja mbio na ufagio. Kumbe ni barua pepe, inasema maelezo yako ya kile kidubwasha cha ndani ya king'amuzi yameingia kwenye kerneli, kile kiini cha mfumo endeshi ambacho watu wanakitumia dunia nzima. Sikuelewa nusu ya uliyokuwa unasema, lakini nilikushika nikakuzungusha uani, na kuku wote wakakimbia.

Hata wiki hazikupita nyingi, wale wa Arusha wakakuandikia. Wanatengeneza vifaa vya kupima ubaridi wa maziwa, wameona kazi yako, wanakutaka. Umeonyesha hapa kila mtu ile barua. Mimi nimeionyesha soko zima la Kibondo. Na unajua kilichotokea sokoni? Miaka yote hii naitwa Mama Bukuru, kwa sababu Bukuru ndiye aliyetangulia kutoka. Wiki iliyopita muuza dagaa akaniita kwa sauti, "Mama Butoyi! Mama Butoyi, njoo!" Sikugeuka. Sikujua ni mimi. Alipoita mara ya tatu ndipo nikashtuka, na nikanunua dagaa ambao sikuwa nimepanga kununua.

Basi mtu aliyeniletea mambo yote hayo leo ananiambia haendi. Gari linaondoka kesho alfajiri, Jumatatu wanakungoja kazini, na wamesema wazi kwamba usipofika watamchukua mwingine. Ndiyo maana naandika.

Sitakuambia habari za kufua, wala kula, wala kulinda mkoba stendi. Hayo utayajua huko huko, na usipoyajua utaibiwa na utajifunza. Nataka tuongee habari ya mashine hii na habari yako na Bukuru. Kwangu mimi habari hizo mbili zimeshachanganyika, siwezi tena kuzitenganisha.

Unakumbuka ilivyoanza? Nilikuwa natotolesha kwa taa ya chemli ndani ya kabati la nguo la marehemu baba yenu. Utambi ukipanda, mayai yanaiva. Utambi ukishuka, mayai yanakufa. Nikawa nalala kama mama mwenye mtoto mchanga, nusu jicho. Wewe ukarudi kutoka chuo na maneno yako ya kompyuta, ukaniambia, "Mama, joto hili linaweza kujisimamia lenyewe." Nikakucheka. Nikaenda Kasulu kupeleka vifaranga, nikapita kwa fundi mmoja aliyekuwa na gunia zima la ving'amuzi vilivyokufa, nikakuletea kimoja kama mzaha. Nilitaka uone takataka inavyofanana, unyamaze.

Hukunyamaza. Ulikifungua, ukakiwasha, ukakiondolea vitu vyake vya televisheni na kukitia mfumo endeshi wako. Kisha ukanikalisha kwenye kiti hiki hiki ukanieleza, na mimi nikaelewa, na siku ile niliona fahari kuliko siku uliyopata cheti. Ulisema ndani ya chipu kuna kidhibiti, na kazi yake ni kusimamia waya mbili tu. Waya moja inapiga mdundo, nyingine inabeba maneno, tarakimu moja moja kwa foleni. Kwenye waya hizo hizo mbili unaweza kuning'iniza vifaa vingi, na kila kifaa kina namba yake. Kidhibiti kikitaja namba, mwenye namba anaitika, wengine wanakaa kimya. Nikasema, "Kama darasani mwalimu anapoita majina." Ukasema, "Hivyo hivyo, mama."

Halafu ukanieleza shida yenyewe. Kerneli haiwezi kupapasa ikajua kidhibiti kiko wapi. Lazima mtu aiandikie maelezo: kipo kwenye anwani hii, rejista zake, vile vijisanduku vyake vya namba, zina urefu huu, mdundo wake kinaupata kwenye saa ile ya ndani ya chipu, na kikiwa na neno kinaishtua kerneli kwa njia hii hapa. Bila maelezo hayo, kidhibiti kipo na kina umeme wake, lakini kwa kerneli ni kama hakikuzaliwa. Na kwa chipu ya king'amuzi chetu hakuna mtu duniani aliyekuwa ameandika. Nilipenda sana habari hiyo. Kwamba kitu kimetoka kwenye gunia la Kasulu na hakuna mtu amewahi kukieleza, na atakayekieleza ni mtoto wangu, mezani kwangu, karibu na pumba za kuku.

Ukatumia ujanja kwanza. Chipu yetu ilifanana sana na nyingine ya kiwanda hicho hicho, ya zamani kidogo, ambayo kerneli inaijua. Ukaandika jina la ile ya zamani. Ikakubali! Kihisi joto kikaonekana, namba zikatokea kwenye kioo, Bukuru akacheza uani na jogoo kwapani. Mimi nikaona sasa kazi imekwisha, nikaingilia.

Hapo ndipo nilipoharibu. Unajua nilivyolelewa. Bibi yako aliniambia siku mlipozaliwa, mkiwa bado na ute kichwani: "Amahasa hawa, mapacha, mwana wanje. Ukimpa mmoja, mpe na mwenzake, na kiwe kile kile." Mapacha hawatofautishwi. Nguo mbili za kitambaa kimoja. Vikombe viwili vya rangi moja. Mlipougua surua Bukuru peke yake ndiye aliyekuwa na homa kali, na wewe nikakunywesha dawa vile vile. Kwa hiyo uliponiambia kabati linahitaji vihisi viwili, kimoja juu na kimoja chini, nikaagiza Dar kupitia kwa dereva wa lori, nikasisitiza kwa ukali: viwe sawa kabisa, aina moja, namba moja, visipishane hata nukta. Dereva akaniona mwanamke anayejua anachotaka.

Vikaja vinafanana kama macho. Ulikuwa umesafiri kwenda Kasulu siku ile, na mimi sikuwa na subira. Nikamwambia Bukuru aviunge. Tukaweka mayai, trei zote zikajaa. Kumbe vihisi viwili vyenye namba moja, kidhibiti kikiita, vyote viwili vinaitika kwa mpigo. Na ulinieleza baadaye, nami nikiwa nimejishika kichwa: kwenye waya ile sifuri ya mmoja inafunika moja ya mwenzake, kwa hiyo namba inayofika inakuwa ndogo kuliko ya kila mmoja wao. Kerneli ikasoma kwamba kabati limepoa. Ikaongeza joto. Ikasoma tena kwamba limepoa, ikaongeza tena. Aliyegundua ni Bukuru. Alinusa. Akasema, "Mama, kuna harufu ya jikoni kwenye kabati."

Tulikula mayai ya kuchemsha mpaka majirani wakakimbia wakituona na sahani. Wewe uliporudi ulicheka ukakaa chini. Kisha ukanionyesha kwamba kila kihisi kina mguu mmoja mdogo wa kubadilishia namba: ukiuunganisha upande huu namba ni hii, ukiuunganisha upande ule namba ni nyingine. Bukuru akauchomea mguu wa kimoja upande wa pili, kwa mkono wake usiotetemeka, na palepale vihisi viwili vikatokea kwenye kioo, kila kimoja na joto lake. Cha juu kilisema joto zaidi, cha chini kilisema pungufu, na vyote viwili vilisema kweli. Mimi nilikodoa macho pale kwa muda mrefu, nanyi mkadhani nashangaa teknolojia. Nilikuwa nawafikiria nyinyi.

Maana mwanangu, mimi nimewaunga nyinyi wawili hivyo hivyo. Ulipopata nafasi chuoni nilihangaika mpaka Bukuru naye akapata, kozi ile ile, chuo kile kile. Sikumuuliza. Ningemuuliza vipi, na jibu nilikuwa nalo tayari? Akaenda. Akakaa mwaka mzima anakodolea kioo kama mtu anayetazama mvua, na ulikuwa unamfanyia mazoezi yake ukidhani mimi sijui. Aliporudi nyumbani likizo akachukua nyundo, akatengeneza banda lote la kuku kwa siku chache, na sikuwahi kumwona mwenye furaha vile. Hata hapo sikuona. Nilimwambia, "Umepumzika, sasa rudi shule." Alipoacha chuo nililia, na nililia kwa sababu jozi imevunjika. Yeye mwenyewe alikuwa anapiga mluzi. Inaniuma nikikumbuka mluzi ule, kwamba niliusikia na bado nikaendelea kulia.

Ngoja. Kuna yai limetoboka trei ya juu. Nimekwenda kuangalia, ni matatu, na moja lina mdomo nje kabisa. Usitegemee nikufananishe na kifaranga kwenye barua hii, nina akili zangu. Nakuambia tu kwamba kazi inaendelea.

Nilikuwa wapi? Ujanja wako. Jina lile la kuazima lilikubali, lakini kila mashine ikikaa kitako kupumzika, vihisi vinanyamaza. Njia ile ya waya mbili inaganda. Unazima, unawasha, inarudi, kisha inaganda tena. Ulikonda. Ndipo ukaamua kuacha ujanja na kuandika maelezo ya kweli ya chipu yetu, na kuyatuma kwa watu wa kerneli wayakague. Siku ile ulipotuma ulivaa gauni la kanisani. Nilikuona.

Jibu likaja kutoka kwa yule mkaguzi, ambaye mpaka leo hatujui kama ni mwanamume au mwanamke, mzee au kijana, na mimi nikampa jina la Umejuaje kwa sababu neno lake ni hilo. Ulikuwa umeandika kwamba kidhibiti chetu kinahitaji zile saa za ndani ya chipu mbili za kukipa mdundo, wakati kile cha zamani kinahitaji moja. Akauliza: umejuaje? Basi. Hakukusifu, hakukutukana. Ulikasirika ukazunguka uani. "Ananiona mshamba!" Bukuru akakuambia, "Lakini kwani umejuaje?" Ukamrushia kandambili. Kumbe ulikuwa umekisia. Ulikisia vizuri, lakini ulikisia.

Ukakaa ukapima. Unazima saa ya kwanza, unaangalia kama kidhibiti kinakufa. Unaiwasha, unazima ya pili, unaangalia tena. Ndipo ukaona kwa macho yako: kweli ziko mbili, na kerneli kwa kutojua ilikuwa inazima ile ya pili ili kuokoa umeme kila mashine ikipumzika. Ndiyo maana ya kuganda kote kule. Ukamwandikia jinsi ulivyopima, hatua kwa hatua. Safari hii alijibu neno moja tu la kukubali, ukaniamsha kunionyesha neno moja.

Kisha akakurudisha tena. Ulikuwa umeongeza pale kwamba kerneli ijaribu mara kadhaa ikishindwa, kwa sababu mayai yetu hayawezi kungoja. Akasema hayo ni mipango yako, si kifaa. Hapa eleza kilichopo. Unachotaka kufanya nacho kina mahali pake kwingine. Na habari ya jina, ambayo kwangu ndiyo iliyonikaa: usiandike jina la kile cha zamani peke yake. Kwanza jina lake mwenyewe. Halafu ukitaka, andika baada yake kwamba kinafanana na fulani. Siku ikionekana tofauti, tutakuwa na pa kuishika.

Ulinisomea hilo kwa Kiswahili nikiwa napepeta maharage, nikaacha kupepeta. Nyinyi majina yenu yalikuwa yanawangoja kabla hamjatoka tumboni. Wa kwanza Bukuru, wa pili Butoyi, hakuna aliyefikiri. Shuleni mlikuwa Butoyi watatu darasa moja, kila mmoja na Bukuru wake. Na mtu akiniuliza wewe ni nani nilikuwa nasema, "Pacha wa Bukuru." Akiniuliza Bukuru ni nani nasema, "Pacha wa Butoyi." Miaka yote hiyo nimewaeleza kwa kufanana kwenu tu, na nilidhani ndiyo mapenzi. Ni mapenzi, sikatai. Lakini ni maelezo mabaya.

Sasa leo mchana, kwenye ugali, na wewe umefanya kosa langu. Umesema Bukuru ataumia. Umesema tangu barua ya Arusha ije amekuwa kimya, amekonda, haongei mezani. Umesema huwezi kwenda kula maisha na kumwacha ndugu yako anachota maji ya kuku. Nikataka kukuuliza kama Umejuaje, na badala yake nikaondoa vyombo, kwa sababu hata mimi nilikuwa nakisia. Kimya chake nilikiona. Nami nilikuwa nimekifasiri kama wewe.

Basi ulipoondoka nilijipa moyo wa kukuandikia. Bukuru aliingia na ndoo ya pumba, akaniona na kalamu, sijaandika hata mstari.

"Unaandika nini, mama?"

"Barua ya Butoyi. Anasema haendi bila wewe."

Akaweka ndoo chini. "Haendi wapi? Arusha? Nani kamwambia mimi nataka kwenda Arusha?"

"Anasema umekuwa kimya."

"Ego, ndiyo, nimekuwa kimya," akasema, akakaa juu ya gunia. Akavunja vunja kipande cha pumba kilichoshikana. "Naona wivu, mama. Nikisema sioni nitakuwa muongo. Kila anayepita hapa, Butoyi, Butoyi, Butoyi wa kompyuta. Fresh, anastahili. Lakini kabati nimelijenga mimi. Trei za kugeuza mayai nimezibuni mimi. Hakuna anayeuliza habari ya trei."

Nikamwambia, "Mimi nauliza. Niambie habari ya trei."

Akaniangalia kama nimepatwa na kitu. Kisha akaniambia. Butoyi, aliongea! Mtoto yule ambaye tunamtoa neno kwa koleo, alisimama akanionyesha jinsi trei inavyolala na kuinuka ili kiini cha yai kisigandie upande mmoja, na kwa nini alitumia mbao ya mninga chini na mbao nyepesi juu, na jinsi alivyokaa akitazama kuku wetu yule mweusi anavyogeuza mayai yake kwa mdomo, mara ngapi na upande upi, ndipo akaiga. Nimeishi na mashine hii muda wote huu na sikujua kwamba inamuiga kuku mweusi.

Nikamuuliza, "Wewe unataka nini, Bukuru?" Na wakati namuuliza nikajua kwamba sijawahi kumuuliza hivyo akiwa peke yake.

"Nataka chumba chake."

"Chumba cha Butoyi?"

"Kina dirisha la jua la asubuhi. Vifaranga wakitoka humu wapelekwe mle siku zao za kwanza. Na wale watu wa Manyovu wanaopeleka mzigo ng'ambo ya mpaka wanataka kabati kama hili, wameshaniuliza. Nitalijengea mle." Kisha akacheka, kile kicheko chake cha pua. "Mimi nasubiri aondoke nitoe kitanda, yeye ananisubiri mimi nilie."

Nikacheka na mimi, tukacheka wote wawili kama wehu. Halafu akasema kwa sauti ndogo, na haya nayaandika kama alivyoyasema:

"Oya, mama, mwandikie asibaki kwa ajili yangu. Akibaki, nitakuwa na deni la kumshukuru maisha yangu yote, na mimi sijamwomba kitu. Kila mayai yakiharibika nitamuona pale mlangoni, amekaa, amebaki. Bora nimkumbuke tu. Kumkumbuka nitamkumbuka mpaka nitaugua, hilo mwandikie pia."

Akachukua ndoo yake akatoka. Nikalia, Butoyi. Nimelia kwa furaha na kwa kingine ambacho sijui jina lake. Nina watoto wawili. Nimewazaa siku moja, na mmoja wao nimekutana naye leo mchana.

Nikajifuta uso, nikaenda ofisi ya mabasi kabla hawajafunga. Yule dada wa tiketi ananijua. Akauliza, "Mbili, mama mapacha?" Tayari alikuwa ameshaandika jina la kwanza. Nikasema moja, ya Butoyi. Akainua macho, akauliza kama Bukuru anaumwa. Nikasema, "Bukuru ni mzima, ana kazi nyingi." Nikaipokea kwa mikono miwili, kwa sababu ni mara ya kwanza maishani mwangu nimewanunulia nyinyi kitu kimoja, na nilitembea nayo barabarani mpaka nyumbani nikiwa nachekacheka peke yangu, watu wananiangalia. Najua bibi yako akisikia atashika kichwa. Au labda huko Murungu ameshakuambia kitu kinachofanana na haya, maana yule mzee ni mjanja kuliko mila zake.

Nenda, mwanangu. Nina hamu uende kuliko hata wewe. Nataka kusikia kuna vidhibiti gani huko, na wamevieleza au hawajavieleza, na Umejuaje wa huko ni nani na ana ukali gani. Nataka unipigie simu uniambie umekosea jambo na umelipima na umelipata. Nataka siku moja mtu akuulize wewe ni nani, useme Butoyi, unyamaze kidogo, kisha ukipenda uongeze kwamba una kaka anayejenga makabati ya kutotolesha Kibondo. Kwa mpangilio huo. Na ukishindwa huko ukataka kurudi, rudi kwa sababu umeshindwa, mlango upo. Usirudi kwa huruma.

Nasikia pikipiki kwenye kona, ni wewe, namjua yule dereva kwa honi yake.

Nilikusudia uisome barua hii kesho ndani ya gari, ukiwa umeshapita Kakonko na huwezi kushuka. Ulikuwa ujanja, nakiri. Sasa nikiisoma tena naona nimejaza kurasa zote hizi nikikueleza Bukuru anataka nini, na wewe ukiniuliza nimejuaje, nitasema aliniambia, na wewe utasema mama umetia chumvi ili niondoke. Utakuwa na haki ya kusema hivyo.

Kwa hiyo nakupa sasa hivi, mkononi, uisome umesimama. Kaka yako yuko uani, nyuma ya banda. Nimemwambia asiondoke. Nenda ukamuulize mwenyewe.

Mama